Nyanya naye alikuwa vitani

Kwa familia yetu, vita havikuishia Burma. Babu yangu wa Chuka alikuwa keya, askari wa jeshi la kikoloni la Uingereza. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipopenya bonde la Kabaw huko Burma kwa matope na malaria hadi mto Chindwin, alikuwemo, na akarudi mzima. Nyanya vita vilimfuata nyumbani. Hali ya hatari ilipotangazwa Kenya Oktoba 1952, haikupita miaka miwili watu wa Meru na Embu wakasukumwa vijijini kwa lazima, wakachimbishwa handaki kando ya msitu wa Mlima Kenya ili wapiganaji wa Mau Mau kama Mwariama wakose chakula. Nyanya alichimba mama yangu akiwa mgongoni. Medali ya babu tunayo. Handaki limefukiwa, pana michai.