Siri ya Mtungi na Leja ya Kioo

Wahenga walinena kuwa siri ya mtungi aijuaye ni kata. Katika teknolojia ya blokucheni, hata hivyo, mtungi ni wa kioo: kila apitaye huyaona yaliyomo. Tangu sarafu ya Bitcoin ianze kutumika mnamo Januari 2009, leja yake imekuwa wazi kwa ulimwengu mzima, na malipo yakishaandikwa humo hayafutiki. Aghalabu hudhaniwa kwamba mtumiaji amesitirika kwa kuwa leja haitaji jina lake, bali anwani ya herufi na tarakimu. Dhana hiyo ni potofu. Pindi anwani hiyo inapofungamanishwa na mwenyewe, hata kwa malipo ya mara moja tu, historia yake yote ya fedha katika anwani hiyo huanikwa juani.

Chukua mfano wa muuza mboga wa Kongowea anayelipwa kwa M-Pesa. Salio lake hulijua yeye na kampuni inayotoa huduma. Jirani yake halioni. Lau angelipwa kupitia leja ya wazi, mteja, mshindani na mwizi wote wangeweza kulisoma.

Hapa ndipo usimbaji fiche wa hali ya juu unapohitajika. Mwaka 1985, Shafi Goldwasser, Silvio Micali na Charles Rackoff walieleza kile kinachoweza kuitwa uthibitisho usiofichua: njia ya mtu kumsadikisha mwenziwe kwamba jambo fulani ni kweli bila ya kumpa habari nyingine yoyote. Mwanafunzi wa fasihi simulizi ataielewa njia hii akiilinganisha na kitendawili. Katika kitendawili, mteguaji hana budi kulitamka jibu ndipo asadikiwe. Akishindwa, hutoa mji. Katika uthibitisho huu, mteguaji humridhisha mtegaji kwamba analijua jibu, ilhali jibu lenyewe halitamki. Hivyo basi, mtu aweza kuthibitisha kuwa ametimiza miaka 18 bila ya kutaja siku aliyozaliwa, au kwamba fedha zake zinatosha bila ya kutaja salio. Sarafu ya Zcash, iliyozinduliwa mwaka 2016, huutumia uthibitisho huo kumficha mtumaji, mpokeaji na kiasi kilichotumwa, iwapo mtumiaji atachagua kusitiriwa.

Wapo wanaohofu kuwa stara ya namna hii itawafaa wezi, na hofu yao haipaswi kupuuzwa. Mnamo Agosti 2022, serikali ya Marekani iliiwekea vikwazo Tornado Cash, programu inayochanganya sarafu ili asili yake isijulikane, ikidai kuwa ilitumiwa kutakatisha fedha zilizoibwa. Vikwazo hivyo viliondolewa Machi 2025, baada ya mahakama ya rufani kuamua kwamba Wizara ya Fedha ilivuka mipaka ya mamlaka yake. Lakini milango ya nyumba haing'olewi kwa sababu mwizi naye ana nyumba. Isitoshe, mwenye Zcash aweza kumpa mkaguzi ufunguo wa kutazama hesabu zake. Faragha, ambayo Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinailinda, si maficho ya uovu. Ni haki ya mtu kuchagua atakayemfungulia mlango.

Hata hivyo, hisabati peke yake haitoshi. Mradi wa Worldcoin hutumia uthibitisho wa aina hii hii ili mtu aonyeshe kuwa ni binadamu bila ya kujitambulisha. Mwaka 2023, Wakenya wengi walipiga foleni jijini Nairobi ili mboni zao zipigwe picha, wakiahidiwa sarafu zilizokadiriwa kuwa na thamani ya takriban shilingi 7,000. Serikali iliusimamisha mradi huo Agosti 2023, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaagiza data hizo, zilizokusanywa bila ya idhini halali, zifutwe. Usimbaji fiche ulikuwapo. Kilichokosekana ni idhini iliyojengwa juu ya uelewa.

Suala hili basi si la wanakompyuta pekee. Mtu hawezi kuridhia asichokielewa, na masharti ya programu nyingi huandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria. Kiswahili hakina uhaba wa msamiati wa kuanzia: siri, faragha, stara, amana na fumbo ni dhana zilizokomaa, na kila moja ina uzito wake. Idara za Kiswahili zishirikiane na idara za kompyuta kuandaa maelezo sahili ya teknolojia hizi, badala ya kusubiri istilahi ziletwe zikiwa zimekwisha kuharibika. Wanahisabati wameupa mtungi kifuniko. Imebaki mwenye mtungi aambiwe, kwa lugha aijuayo, ni nani aliyeishika kata.