Waya wa Moyo Hauna Sasisho

Leo naweka kando habari za lugha za programu na hifadhidata. Nataka tuzungumze kuhusu waya. Sisemi huu wa stima unaoning'inia juu ya mabati hapa kwetu Raila. Nasema ule unaotoka kwenye pesimeka, ukapita ndani ya mshipa na kuingia moyoni. Hoja yangu ni hii: sisi watu wa tarakilishi tukizungumzia pesimeka, tunazungumzia programu yake tu. Tunaisahau sehemu ambayo hukaa mwilini muda mrefu kuliko zote na ndiyo ngumu kuliko zote kurekebisha. Tena kwa mgonjwa anayeishi Kibera au Kawangware, sehemu hiyo ndiyo inayohitaji kazi yetu zaidi.

Kwanza tuelewane kifaa chenyewe ni nini. Moyo una mfumo wake wa umeme unaouamuru upige. Mfumo huo ukiharibika, mapigo yanaweza kushuka hadi mtu akazirai kwenye foleni ya maji, au akafa. Pesimeka ni kisanduku kidogo cha titani chenye betri na saketi, kinachowekwa chini ya ngozi karibu na mtulinga. Kutoka hapo unaingia moyoni waya mmoja au zaidi, wenye urefu wa nusu mita hivi na unene wa milimita 2 hivi. Waya una kazi mbili: kupeleka umeme moyoni, na kurudisha habari kama moyo umepiga wenyewe. Pesimeka ina ndugu yake pia, difibrileta, ambayo huushtua moyo kwa nguvu ukianza kutetemeka ovyo.

Betri ikiisha baada ya miaka kadhaa, daktari hupasua ngozi, huondoa kisanduku na kuweka kingine. Waya kwa kawaida haubadilishwi. Kisanduku kipya huchomekwa kwenye waya ule ule wa zamani. Hili linawezekana kwa sababu kampuni zilikubaliana kuhusu plagi moja, iitwayo IS-1, ili kisanduku cha kampuni moja kikubali waya wa kampuni nyingine. Mgonjwa mmoja anaweza kumaliza visanduku viwili au vitatu kwa waya mmoja.

Sasa fikiria waya huo unafanyiwa nini. Moyo hupiga mara 100,000 hivi kwa siku. Kwa miaka 10 hiyo ni zaidi ya mara milioni 360, na kila pigo huupinda waya kidogo. Sote tunajua chaja ya simu hukatikia wapi: pale shingoni karibu na plagi, baada ya kupindwapindwa. Ndiyo maana chuma cha ndani ya waya wa moyo husokotwa kama springi, ili mpindo ugawanywe kwenye mizunguko mingi. Nyingi hutengenezwa kwa aloi ya nikeli, kobalti, kromi na molibdenamu iitwayo MP35N, inayovumilia kupindwa na isiyoshika kutu upesi. Ncha inayogusa moyo mara nyingi huwa ya platini na iridi, na hubeba dawa kidogo ya steroidi ya kuzuia uvimbe pale inapogusa.

Halafu kuna ngozi ya waya, na hapa ndipo wahandisi wamehangaika kwa miongo mingi. Silikoni ni laini na mwili huikubali, lakini huchubuka ikisuguliwa. Poliurethani ni ngumu na inateleza, hivyo waya unaweza kuwa mwembamba, lakini aina fulani za zamani zilipasuka zikiwa mwilini kwa sababu ya kemia ya mwili na ya chuma kilicho ndani yake. Ukiongeza uimara huku, unapunguza kitu kingine kule. Yeyote aliyewahi kuandika programu anaijua biashara hiyo.

Biashara hiyo imewahi kuharibika vibaya, na nitataja mara tatu tu.

Mwaka 1994 kampuni ya Telectronics iliondoa sokoni waya uitwao Accufix. Ndani yake mlikuwa na uzi mdogo wa chuma wa kuupa umbo la herufi J. Uzi huo uliweza kuvunjika, ukatoboa ngozi ya waya na kuchoma moyo. Zaidi ya watu 40,000 duniani walikuwa wamewekewa. Wengi waling'olewa kwa tahadhari, na baadaye ikabainika kwamba waliokufa katika kung'olewa walikuwa wengi kuliko waliouawa na uzi wenyewe. Soma sentensi hiyo mara mbili. Dawa ilidhuru kuliko ugonjwa.

Oktoba 2007 Medtronic ilisimamisha uuzaji wa Sprint Fidelis, waya wa difibrileta uliopendwa kwa wembamba wake. Watu wapatao 268,000 duniani walikuwa wamewekewa. Ulikuwa ukikatika ndani kuliko ilivyotarajiwa. Waya uliokatika hautulii. Hutoa kelele za umeme, na kisanduku huzisoma kelele hizo kama mapigo ya kasi. Basi mtu amekaa anakunywa chai, moyo wake mzima, anapigwa shoti moja baada ya nyingine. Kwa pesimeka huwa kinyume: kisanduku hudhani moyo unapiga, kikanyamaza, na mtu akaanguka.

Mwaka 2011 ukaja waya wa Riata wa kampuni ya St. Jude Medical, ambao uuzaji wake ulikuwa umesimamishwa mwishoni mwa 2010. Huu ulikuwa na ngozi ya silikoni. Nyuzi za chuma zilizokuwa ndani ziliisugua silikoni kutoka ndani kwenda nje hadi zikatokeza. Madaktari waliziona kwenye eksirei zikiwa wazi ndani ya moyo.

Linganisha na jambo lililowasisimua watu wa fani yetu. Agosti 2017 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza sasisho la kuziba mwanya wa usalama katika pesimeka zipatazo 465,000 nchini humo, za Abbott, kampuni iliyokuwa imeinunua St. Jude. Mgonjwa alienda kliniki, mashine ikawekwa juu ya kifua, dakika kama 3 hivi, akarudi nyumbani. Kila mtaalamu wa usalama wa mitandao aliandika kuhusu wadukuzi wanaoweza kuuteka moyo wa mtu. Sisemi hilo ni dogo. Nasema tu kwamba lilikuwa na tiba ya dakika 3. Waya wenye kasoro hauna tiba ya namna hiyo. Mwili huuzungushia kovu, ukashikana na mshipa na moyo, na kuung'oa baada ya miaka ni kazi ya vifaa maalum na timu ya upasuaji wa moyo iliyo tayari damu ikianza kumwagika.

Programu ina nafasi yake hata hapa, na ni nafasi ya unyenyekevu. Baada ya mkasa wa Fidelis, Medtronic waliandika programu ya kuusikiliza waya. Waya ukianza kukatika, ukinzani wake wa umeme hupanda ghafla na mapigo ya uongo ya kasi isiyowezekana huanza kuonekana. Programu ikiona dalili hizo humwonya mgonjwa kwa mlio, na hubadilisha mpangilio ili asipigwe shoti ovyo. Haikuunganisha chochote. Ilitoa habari mapema, na habari mapema ilikuwa ndiyo kila kitu kilichobaki.

Hapo ndipo ninapofika Raila.

Marekani mwaka 2007 kampuni iliwaandikia madaktari, madaktari wakawaandikia wagonjwa. Barua hiyo ingemfikiaje mtu wa hapa? Nyumba zetu hazina nambari. Julai 2018 nyumba na shule za Kibera zilibomolewa kupisha barabara ya kwenda Lang'ata, na maelfu ya watu wakahamia popote walipopata. Laini ya simu ikipotea pamoja na kitambulisho, mtu hununua nyingine. Kliniki hufungwa, daktari huhama, faili hubaki kwenye kabati. Mtu anaweza kutembea na waya uliotangazwa duniani kote kuwa mbovu, na asijue hata jina lake.

Si habari za kasoro pekee. Mgonjwa akihitaji kipimo cha MRI, waya unaweza kushika mawimbi kama antena na ncha yake ikapata joto. Siku hizi kuna mifumo iliyothibitishwa kuingia MRI kwa masharti, lakini uthibitisho ni wa kisanduku na waya kwa pamoja. Modeli ya waya isipojulikana, mwenye mashine atasita, na atakuwa sawa.

Kisha kuna kazi zetu. Baada ya upasuaji mgonjwa huambiwa asiinue mkono wa upande ule juu ya bega kwa wiki kadhaa, ili ncha isichomoke. Tena waya ukipitishwa mahali pembamba kati ya mtulinga na ubavu wa kwanza, mifupa hiyo inaweza kuusaga kadiri mkono unavyoinuliwa. Mwambie hayo mama anayefua nguo za watu Lang'ata, au kijana wa mkokoteni. Atakuuliza watoto watakula nini wiki hizo. Kwa hiyo rekodi yake inahitaji pia kueleza anafanya kazi gani na kwa mkono upi, ili daktari ajue pa kuweka kifaa na pa kutazama baadaye.

Msisahau kwamba visanduku vyenyewe vinaweza kuja kwetu vikiwa vimetumika. Mradi wa My Heart Your Heart wa Chuo Kikuu cha Michigan husafisha pesimeka zilizotolewa na familia za marehemu na kuwawekea wasio na uwezo wa kununua. Matokeo ya jaribio lao yalitangazwa Novemba 2024: wagonjwa 298 katika nchi 7, Kenya ikiwemo, na visanduku vilivyotumika havikuleta maambukizi zaidi ya vipya. Naunga mkono kabisa. Lakini angalia: kinachotumika tena ni kisanduku. Waya lazima uwe mpya. Sanduku unaweza kurithi, waya huwezi. Hivyo hata pale kisanduku kinapokuja bure, waya ndio utakaokaa na mgonjwa, na ndio unaostahili kuandikwa.

Ninachotaka, basi, ni rejista moja ya kitaifa ya nyaya hizi. Denmark wana rejista ya pesimeka tangu 1982. Mkasa wa Riata ulipozuka, waliwajua waliowekewa, wakawaita na kuwapiga picha, hata wale wasiohisi lolote. Hakuna teknolojia ya ajabu hapo. Ni jedwali lenye safu kama 10: kampuni, modeli, nambari ya kifaa, tarehe, upande wa mwili, chumba cha moyo, ukinzani siku ya kwanza, hospitali, na simu za mgonjwa na jamaa wawili. Isimamiwe na taasisi ya umma, na kwa maoni yangu Bodi ya Dawa na Sumu ndiyo inayofaa. Ilindwe kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Itume ujumbe mfupi unaoingia hata kwenye simu ya kabambe, na ujumbe ukigonga mwamba, mhudumu wa afya wa kijiji apewe jina akatafute.

Najua mtaniuliza: wenye pesimeka Kibera ni wangapi, na kipindupindu je, na kifua kikuu je? Ni wachache, kweli. Uchache huo ndio sababu ya kuanza sasa, maana jedwali la watu mia kadhaa linajazwa na karani mmoja. Subiri wawe maelfu, na hutaweza kurudi nyuma kuwatafuta. Wengine mtasema pesimeka zisizo na waya zimeshafika. Kweli, Micra iliidhinishwa Marekani mwaka 2016, nayo huwekwa ndani ya moyo wenyewe. Lakini haimfai kila mgonjwa, na wenye nyaya za leo wataendelea kuwa nazo kwa miaka 20 ijayo.

Onyo kwa wenzangu wa fani. Tafadhali msilete apu yenye nembo nzuri. Kibera tumezika miradi mingi ya majaribio iliyokufa siku pesa za mfadhili zilipoisha. Rejista ya moyo lazima iishi kuliko waya, na waya unaweza kuishi kuliko kampuni yako. Tumia hifadhidata ya kawaida, muundo wa wazi, nakala kwenye karatasi. Vijana wa Kibera walijichorea ramani yao wenyewe kupitia Map Kibera kuanzia 2009, wakati ramani za wakubwa zilikuwa hazina kitu hapa. Kuhesabu nyaya ni kazi ndogo kuliko ile.

Wewe mwanafunzi unayetafuta mradi wa mwaka wa nne, mradi ndio huo. Na wewe mwenye mzazi au jirani aliyewekewa kifaa, muulize leo kama ana kadi yake. Kama hana, nendeni hospitali iliyomwekea muombe modeli na nambari, ya kisanduku na ya kila waya. Piga picha, andika nakala, moja ibaki na kitambulisho chake na nyingine kwa jamaa anayeishi nje ya Kibera.