Kiongozi na Gazeti

Wapo baadhi ya viongozi wa Visiwa hivi ambao gazeti kwao huwa zuri siku ya kukata utepe tu. Siku hiyo mwandishi hupelekewa gari, huwekwa kiti cha mbele, na mheshimiwa huusifu uhuru wa habari kwa maneno matamu. Mwandishi huyo huyo akirejea baada ya miezi miwili kuuliza kwa nini mfereji uliozinduliwa kwa shangwe hautoi maji, huambiwa kuwa ni mchochezi, ametumwa, wala hana uzalendo. Mkuki kwa nguruwe!

Hatusemi kuwa waandishi ni malaika. Wapo wanaoandika bila ya kuhakikisha, na wapo wanaouza kalamu zao kwa bahasha (anayezitia fedha bahasha hizo ni nani, hilo ni suala jengine). Lakini aliyesingiziwa anayo njia: apeleke maelezo yake yachapishwe, na asiporidhika aende mahakamani. Anayepiga simu kutaka habari izuiwe, na hali hakukanusha hata neno moja lililomo, huyo hatafuti haki.

Gazeti la Dira lilipoanza mwaka 2002, lilihesabiwa kuwa gazeti la kwanza la binafsi kutoka Zanzibar tangu Mapinduzi ya 1964. Novemba 2003, likiwa na umri wa mwaka mmoja hivi, lilifungiwa. Sheria Namba 5 ya mwaka 1988 ilimpa Waziri uwezo wa kusimamisha gazeti akiona yeye kwamba maslahi ya umma yanataka hivyo. Yaani mlalamikaji na hakimu walitoka nyumba moja. Na hayo hufanywa na watu walioapa kuilinda Katiba ya Zanzibar ya 1984, ambayo kifungu chake cha 18 kinampa kila mtu haki ya kutoa maoni, kutafuta habari na kuipokea.

Wananchi wa Unguja na Pemba wanajua gharama ya swali lisilojibiwa. Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama njiani kuelekea Pemba ikiwa imepakia kupita uwezo wake. Haukupita mwaka, Julai 2012, ikazama Skagit karibu na Chumbe. Mwandishi anayesimama bandarini kuhesabu abiria hamkeri nahodha wala mheshimiwa yeyote kwa kupenda. Anawahesabu watoto wa watu.

Tunawaomba waheshimiwa Wawakilishi, ambao kila tarehe 3 Mei hutupongeza, wazipime sheria za habari kwa kipimo cha kifungu hicho cha 18. Na maofisa wa Serikali wakiulizwa mradi umegharimu kiasi gani na umekwama wapi, watoe jibu siku hiyo hiyo, pasi na kungoja ruhusa ya mkubwa ambaye yuko safarini.