Mashine Ikumbukayo Kila Kitu

Wako watu wasemao siku hizi kuwa kasoro kubwa ya mashine zisaidiazo waandishi wa programu za kompyuta ni usahaulifu, na kuwa tiba yake ni kuzipa kumbukumbu isiyo na mwisho. Neno lao la kwanza ni kweli. La pili ni la hatari, na nakusudia kulipinga.

Mashine ya akili unde hufunzwa kwa maandishi mengi mno. Mafunzo yakiisha, elimu yake hufungwa. Haiongezeki kwa kuzungumza na mtu. Yote iyajuayo juu ya kazi yako ni yale yaliyowekwa mbele yake kwa wakati ule, na mazungumzo yakivunjika hapabaki kitu. Mwandishi aliyeieleza jana kwa saa mbili kuwa fedha zihesabiwe kwa senti nzima, zisihesabiwe kwa desimali, hana budi kuieleza tena leo, kama mwalimu apewaye darasa geni kila asubuhi. Si ajabu watu wakachoka.

Dawa ya kwanza iliyotafutwa ilikuwa kupanua nafasi ya kusomea. Mwaka 2020 mashine iitwayo GPT-3 iliweza kuzingatia vipande vya maneno 2,048 tu kwa mara moja. Mwaka 2024 ilitokea Gemini 1.5, iliyoweza kuzingatia milioni moja. Walakini kusoma mengi si kushika mengi. Utafiti uliotolewa mwaka 2023 ulionyesha kuwa mashine zilizopimwa zilishika vema yaliyo mwanzoni na mwishoni mwa maandishi marefu, na yaliyo katikati yaliziponyoka mara nyingi zaidi. Mwanafunzi asomaye kitabu kizima usiku wa kuamkia mtihani aijua hali hiyo bila ya kuambiwa na wataalamu.

Dawa ya pili ni kuandika. Claude Code, chombo kilichotolewa na kampuni ya Anthropic mwaka 2025, husoma faili iitwayo CLAUDE.md mwanzoni mwa kila kikao. Vyombo vingine husoma faili iitwayo AGENTS.md. Humo mwandishi hutia desturi za kazi yake: majaribio yaendeshwe kwa amri gani, sehemu ipi isiguswe, na kwa nini. Ni maandishi ya kawaida. Yeyote katika kundi aweza kuyafungua, kuyabishia na kufuta mstari. Dawa hii naisifu.

Niipingayo ni ya tatu: kwamba mashine iachwe ijiandikie kila ikionacho, kimya kimya, mahali ambapo mwenye kazi hapatazami, kisha iyatumie yale iliyoyaweka kwa hiari yake. Watetezi wake husema mwanadamu ni mvivu wa kuandika, na mashine haichoki. Naam, haichoki, wala haioni haya kukumbuka jambo lililokwisha kuwa uongo.

Tutazame mfano wa kwetu. Mwezi wa Aprili 2020, wakati wa maradhi ya korona, Serikali ya Kenya ilipunguza kodi ya ongezeko la thamani kutoka asilimia 16 hadi 14. Mwezi wa Januari 2021 kodi ikarudishwa 16. Tuseme palikuwa na mashine yenye kumbukumbu ya siri wakati ule, nayo ikajiwekea neno hili: kodi ni asilimia 14. Neno hilo lingekuwa kweli kwa miezi tisa. Katika mwezi wa kumi lingekuwa uongo, lakini sura yake isingebadilika hata kidogo. Kila bidhaa ya shilingi 100 ingeuzwa kwa upungufu wa shilingi 2 za kodi, na mwenye duka ndiye angedaiwa. Mashine haina mfuko. Lau neno lile lingekuwa katika faili ya wazi, pamoja na tarehe na sababu yake, mtu wa kwanza kuifungua baada ya mwaka mpya angelifuta.

Labda mtu atajibu kuwa faili ya wazi nayo huchakaa, na kwamba faili ndefu haisomwi na mtu. Nakubali, faili isiyosomwa ni siri ya namna nyingine, na kwa hiyo yapasa iwe fupi. Lakini kosa lililo mezani lina tumaini la kuonwa.

Kuna na hatari ya adui. Mwaka 2024 ChatGPT ilianza kupewa kumbukumbu ya kudumu, na mwaka huohuo mtafiti wa usalama alionyesha kuwa maagizo yaliyofichwa katika maandishi ya kigeni yaliweza kupenyezwa katika kumbukumbu hiyo, yakaendelea kutenda kazi katika mazungumzo ya baadaye. Mashine isahauyo hudanganywa kwa siku moja tu.

Watetezi hupenda kukumbusha kuwa hata maandishi yalilaumiwa zamani: katika Phaedrus, kitabu cha Plato, mfalme Thamus aonya kuwa herufi zitaleta usahaulifu. Wadhani hadithi hiyo yawasaidia. Maandishi yalistahili kushinda kwa sababu yalisomeka na wengi; daftari wanalolitetea wao halisomwi na mwenyewe.

Jambo linitialo hofu zaidi ni hili. Mwaka 1985 Peter Naur, mtaalamu wa Denmark, alieleza kuwa programu hasa ni ufahamu uliomo vichwani mwa waliyoiunda, na kuwa kundi lile likitawanyika programu hufa, japo maandishi yake yote yamebaki. Basi fikirini vijana watano walioiachia mashine sababu zote za kazi yao. Mteja auliza kwa nini malipo yake yalikataliwa. Watano wote waigeukia mashine. Kesho mwenye mashine apandisha bei au aiondoa sokoni, na vijana wale, waliyoiandika programu kwa mikono yao, wawa wageni ndani yake.

Mwaka 2022 Kenya iliidhinisha mtaala wa uandishi wa programu kwa shule za msingi na sekondari, kwa hiyo wengi wenu mtaketi mbele ya vyombo hivi. Kifungueni kile kilichoandikwa juu ya kazi yenu kabla ya kuanza. Mashine itakapotaka kukumbuka neno, iulizeni limetoka wapi na litakoma lini. Ikikosa jibu, likataeni.