HAKI ISIWE SADAKA

Wahenga walisema, mwenye nguvu mpishe. Katika kinjia chembamba cha shambani usemi huo una busara yake, lakini mbele ya hakimu hauna nafasi hata kidogo. Ibara ya 13 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania yatamka wazi kwamba watu wote ni sawa mbele ya sheria. Hakuna mwananchi mwema awezaye kulipinga neno hilo. Swali tunalotaka kuliuliza leo ni jingine: je, ni nani anayelipa gharama ya kulitimiza?

Twauliza hivyo kwa sababu usawa ulioandikwa kitabuni haumfikishi mtu mahakamani. Tumtazame mfanyakazi aliyefukuzwa kazi bila sababu ya haki. Kanuni zampa siku 30 tu za kupeleka lalamiko lake katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Akikaa nyumbani kungojea huruma ya mwajiri, au akizungushwa maofisini huku na huku, siku hizo zitakwisha, na madai yake yataingia mashakani kabla hajapata hata nafasi ya kujieleza.

Au tumtazame mke aliyepewa talaka baada ya miaka 20 ya kulima, kupika na kulea, akaambiwa atoke na kanga zake tu. Tangu mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ilikwisha kuamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyochumwa na wanandoa. Hukumu hiyo ipo, na imekuwa nguzo ya mashauri mengi. Lakini ni nani atakayemwambia mama huyo kwamba ipo? Na akishindwa katika mahakama ya mwanzo, ni nani atakayemwambia kwamba anazo siku za kuhesabika za kukata rufani?

Wakili hatamwambia, kwa kuwa mawakili wengi wamo mijini, na ada zao hazilipiki kwa bei ya madebe mawili ya mahindi. Tena kwa miaka mingi sheria haikuwaruhusu mawakili kusimama katika mahakama za mwanzo, ambako mashauri mengi ya watu wa kawaida husikilizwa. Mlango huo ulifunguliwa kwa sehemu mwaka 2021, na mwaka huo huo Bunge lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Hizo ni hatua kubwa, nasi twazipongeza. Hata hivyo, mlango uliofunguliwa haumfai mtu asiyejua njia ya kuufikia.

Pengo hilo ndilo ambalo asasi za hisani za kisheria zimejitahidi kuliziba. Mwishoni mwa miaka ya 1960 waalimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianza kuwashauri watu wasio na uwezo. Miaka ya 1990 ikazaa vituo vingine, kama vile Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar mwaka 1992, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu mwaka 1995. Kadhalika wanawake wanasheria walijiunga pamoja kuwatetea wanawake wenzao. Kisha mwaka 2011 likaundwa shirika la LSF, ambalo kazi yake ni kukusanya fedha za wahisani, Denmaki ikiwa ya kwanza, na kuzigawa kama ruzuku kwa vikundi vya msaada wa kisheria Bara na Visiwani.

Yafaa wasomaji wetu waufahamu utaratibu huo, maana ndani yake mna fundisho. Fedha hizo hazikutumika kujenga jumba la mawakili mjini ili mnyonge apande basi kulifuata. Zilipelekwa wilayani, kwa vikundi vya wasaidizi wa kisheria. Msaidizi huyo si wakili. Aghalabu ni mkulima, mwalimu mstaafu au mama wa kijijini, aliyefundishwa misingi ya sheria za ardhi, ndoa, mirathi, kazi na matunzo ya watoto. Ruzuku hugharimia mafunzo yake, vitabu vyake, nauli yake ya kwenda kijiji cha pili, na kodi ya chumba kidogo cha ofisi. Naye huwaeleza watu haki zao, huwasaidia kuandika malalamiko, huwapatanisha majirani wanaogombea mpaka, na jambo likimshinda humwelekeza mtu panapohusika. Hasimami mahakamani kumtetea mtu, wala hauzi ushauri wake.

Serikali nayo iliitambua kazi hiyo. Sheria ya zamani ya msaada wa kisheria, ya mwaka 1969, iliwahusu washitakiwa wa makosa ya jinai tu. Sheria mpya ya mwaka 2017 ikaigusa pia migogoro ya madai, ikaweka msajili, na ikampa msaidizi wa kisheria heshima ya kutajwa na kusajiliwa. Zanzibar ikafuata kwa sheria yake mwaka 2018. Na kampeni ya msaada wa kisheria iliyoanzishwa mwaka 2023 kwa jina la Rais Samia iliwapeleka wanasheria mikoani wakawasikilize wananchi. Lakini msafara huja ukaondoka. Anayebaki kijijini, akigongewa mlango usiku na mama aliyefukuzwa na watoto wake, ni yule msaidizi.

Sasa tuseme lile linalotusumbua. Msaidizi huyo hana mshahara, anajitolea. Na mfuko unaomnunulia kalamu na kumlipia nauli umetegemea sana fedha za nje. Mwaka 2025 dunia nzima iliona jinsi tegemeo la namna hiyo lilivyo. Marekani ilisimamisha sehemu kubwa ya misaada yake kwa ghafla, na Uingereza ikatangaza kwamba itapunguza yake hadi asilimia 0.3 ya pato la taifa ifikapo mwaka 2027. Hatuwalaumu, fedha ni zao. Lakini haki ya mjane wa Kondoa au ya kibarua wa Tanga haiwezi kungojea kura za Bunge la nchi nyingine. Tena mwenye kutoa fedha huchagua zifanye nini. Mwaka huu atapenda mashauri ya ardhi, mwaka ujao atapenda jambo jingine, na mfanyakazi mwenye dai la mshahara ataambiwa kwamba mradi wake haumo.

Wazee wetu walisema pia, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Msaada wa kigeni umekaa nyumbani mwetu zaidi ya siku mbili. Si haki kumtukana mgeni aliyetusaidia, lakini ni aibu kwa mwenyeji kukaa kivulini na jembe la nyumba limelazwa. Jembe hili ni letu sisi wenyewe kulishika.

Kwanza, Serikali na halmashauri zitenge fungu la kudumu kwa ajili ya wasaidizi wa kisheria, hata kama ni dogo. Sheria inayomtambua mtu bila kumpa nauli imemtambua nusu tu.

Pili, zitazamwe njia ambazo nchi nyingine zimezijaribu. Wateja wa mawakili huwakabidhi fedha za kununulia nyumba au za kulipia madai, nazo hukaa benki katika akaunti za amana na kuzaa riba. Katika jimbo la British Columbia, nchini Kanada, tangu mwaka 1969 riba hiyo hukusanywa katika mfuko wa kugharimia elimu ya sheria na msaada kwa wasio na uwezo. Jimbo la Ontario lilifuata mwaka 1974, na huko robo tatu ya riba hiyo hupewa chombo cha umma cha msaada wa kisheria. Florida, Marekani, ilianza mwaka 1981. Njia hiyo haigusi senti moja ya fedha yenyewe ya mteja. Ina udhaifu wake, kwani riba za benki ziliposhuka baada ya msukosuko wa mwaka 2008, mifuko ya namna hiyo huko Marekani ilipungukiwa vibaya. Kwa hiyo isiwe chungu pekee jikoni, bali kimojawapo.

Tatu, vyama vya wafanyakazi na vyama vya ushirika visijitoe. Ada anayokatwa mfanyakazi kila mwezi ni fedha yake. Ni halali yake kuona sehemu yake ikimsomesha mwenzake mmoja katika kila kiwanda na kila shamba kubwa, ili siku ya barua ya kufukuzwa awepo mtu wa kusema, "Ndugu, leo ni siku ya kwanza, zimebaki 29."

Twajua wapo wachache watakaonung'unika. Baadhi ya watendaji na wenyeviti humtazama msaidizi wa kisheria kana kwamba ni mchochezi aliyetumwa kuwavuruga watu wao. Fikra hiyo ni potofu. Mwananchi ajuaye sheria hana haja ya fujo, kwa kuwa anayo njia ya amani ya kudai kilicho chake. Asiyeijua ndiye mwenye kushika panga mpakani. Na kiongozi anayeogopa watu wake wasijue haki zao, yampasa kwanza ajiulize ni kitu gani anachowaficha.

Kwa wanachama wenzetu tuna ombi moja. Kila tawi limtafute msaidizi wa kisheria wa mahali pake na kumkaribisha mkutanoni, aeleze kazi yake na shida zake. Penye chumba kisichotumika apewe meza. Mwenye baiskeli ya kumwazima na amwazime. Haya si mambo ya kungojea bajeti.

Wahisani waliopanda mbegu hii wanastahili shukrani zetu, na wanaoendelea kuimwagilia wanastahili heshima. Lakini sadaka hutolewa apendapo mwenye kutoa, na haki hudaiwa ahitajipo mwenye nayo. Mfanyakazi aliyefukuzwa leo hawezi kungojea mradi mpya. Siku zake 30 zimekwisha kuanza kuhesabiwa.