Utakatifu Hauna Mlango Mmoja

Liko jambo ambalo inatupasa tuambiane bila kuoneana haya, hasa sisi tunaojiita watu wa dini. Tumezoea kusimama mimbarini na kukaa barazani tukiulaani utamaduni wa Marekani mzima mzima: sinema zake, muziki wake, televisheni yake. Vijana wetu wanatusikiliza, wanaitikia kwa adabu, kisha wanarudi kwenye simu zao na kuupokea mzima mzima vilevile. Anayelaani na anayepokea wamefanya kosa moja, kwa maana hakuna aliyechambua. Nami nashikilia kwamba ndani ya utamaduni huo, katikati ya kelele na biashara, yamo mambo ambayo mcha Mungu akiyatazama sawasawa atavua viatu.

Mfikirieni Thomas Dorsey. Alizaliwa Georgia mwaka 1899, mwana wa mhubiri, lakini riziki yake aliipata kwa kupiga piano ya bluzi katika vilabu vya Chicago, akijulikana kwa jina la Georgia Tom. Mwaka 1928, yeye na mwenzake Tampa Red walitoa wimbo uliopendwa mno, ambao mama mwenye staha asingeuimba mbele ya wanawe. Baadaye akaanza kutunga nyimbo za dini kwa mapigo yale yale ya bluzi, na makanisa mengi yakazikataa, kwa kuwa zilinuka kilabu. Sisi tuliowahi kuwasikia wazee wakikataza gitaa na ngoma kanisani tunaijua vizuri hoja hiyo.

Agosti 1932 Dorsey alikuwa St. Louis katika kazi ya nyimbo hizo, ikamfikia habari kwamba mkewe, Nettie, amefariki katika uzazi. Mtoto naye hakukaa. Katika msiba huo ndipo alipotunga ombi la mtu aliyechoka akimsihi Bwana amshike mkono. Vidole vilivyougusa wimbo huo kwenye piano ni vile vile vya vilabuni. Hakuwa na vingine. Jioni ya tarehe 4 Aprili 1968, Martin Luther King, akiwa kwenye roshani ya hoteli yake Memphis, alimwomba mwanamuziki mmoja aupige wimbo huo katika mkutano wa usiku ule. Punde si punde risasi ikampata. Mahalia Jackson akauimba mazikoni kwake. Nani leo atathubutu kusema wimbo ule unanuka kilabu?

Hata televisheni, chombo tunachokilaumu kuliko vyote kwa kuwaharibu watoto, ina ushuhuda wake. Fred Rogers wa Pittsburgh aliwekewa mikono kuwa mchungaji wa Kipresbiteri mwaka 1963, na kazi aliyokabidhiwa ilikuwa kuwahudumia watoto na familia kwa njia ya televisheni. Kipindi chake kilionekana nchi nzima kuanzia 1968 hadi 2001. Humo hakuhubiri. Alivaa sweta, akabadili viatu, akazungumza polepole na mtoto kuhusu kifo, hasira, na wazazi wanaoachana, mambo ambayo watu wazima wengi huyakwepa.

Kumbukeni hali ya nchi ile wakati huo. Mwaka 1964, huko St. Augustine, Florida, mwenye hoteli alimwaga tindikali katika bwawa la kuogelea kwa sababu Weusi na Weupe walikuwa wameingia majini pamoja kupinga ubaguzi. Miaka mitano baadaye, Rogers alionekana kwenye kipindi chake akiwa ametumbukiza miguu katika kidimbwi cha plastiki siku ya joto. Akamkaribisha François Clemmons, mwimbaji Mweusi aliyeigiza nafasi ya polisi wa mtaa, naye akavua viatu na soksi. Miguu minne ikakaa katika maji yale yale, na taulo likawa moja. Mkristo anayeijua habari ya Bwana kuwaosha wanafunzi wake miguu hahitaji kuelezwa alichokuwa akikitazama.

Najua nitaambiwa: mbona unapaka rangi uozo? Sipaki. Siku ya Shukrani ya Wamarekani, inayoadhimishwa Alhamisi ya nne ya Novemba, huwakutanisha ndugu mezani, na kesho yake watu hao hao husukumana madukani wakigombea bei nafuu. Memphis hiyo hiyo, kila Agosti, mashabiki hupita na mishumaa mbele ya kaburi la Elvis Presley. Huzuni yao siidharau, lakini kumlilia msanii ni jambo moja na kumsujudia ni jingine, na mpaka huo huvukwa kwa urahisi. Kipimo changu ni kuuliza jambo lenyewe linamtaka mtu atoe nini. Biashara humtaka fedha, umashuhuri humtaka macho, na lile lenye utakatifu humtaka ajitoe kwa mwenzake.

Kwa kipimo hicho namtazama Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa kutoka New York. Mei 1935 alikuwa hotelini Akron, Ohio, miezi michache tu tangu aache pombe. Biashara iliyompeleka huko ilikuwa imevunjika, na baa ilikuwa hatua chache kutoka aliposimama. Akaiendea simu, akaanza kuwapigia viongozi wa makanisa akitafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Akaelekezwa kwa Bob Smith, daktari aliyekuwa akiangamizwa na chupa. Katika mazungumzo ya wawili hao ndimo kilimochipuka chama cha Alcoholics Anonymous, ambacho vikundi vyake viko hata Nairobi. Watu hukaa kwenye viti vya kawaida, wakanywa kahawa, wakatajana kwa jina la kwanza tu, na mmoja akikiri udhaifu wake wengine humsikiliza bila kumhukumu. Ni ibada ngapi zetu zinazoweza kujisifia hivyo?

Basi mzazi, mwanao anapotazama kipindi cha huko, keti naye, umwulize nani humo amemtendea mwenzake wema na wema huo umemgharimu nini. Nawe mhubiri uliyeandaa hotuba ya kuilaani sinema fulani, itazame kwanza mpaka mwisho.