"Kataa Ndoa" Si Utani wa Kuchekea



Neno "kataa ndoa" limenichosha. Lilianza mitandaoni kama utani wa wanaume, pamoja na ile kauli yao kwamba ndoa ni utapeli. Likawa stika ya WhatsApp, na sasa hapa Mchombe kijana wa bodaboda analitamka huku anafunga gunia la mpunga, wala hajui limetoka wapi. Ukimuuliza ndoa imemfanya nini, anacheka. Hajaoa bado! Maneno ya mtandao hayagongi hodi. Unayacheka Jumatatu, Jumatano unayarudia, mwezi ukiisha umeshayaamini.

Mimi nashona. Msimu wangu ni baada ya mavuno, watu wakishauza mpunga ndipo shela na nguo za nikaha zinapokuja. Biharusi mmoja alikuja kupima gauni amenuna. Mchumba wake, aliyekwishaleta posa, kaweka "kataa ndoa" kwenye stetasi na sura za kucheka. Alipoulizwa akasema, "Si utani tu jamani." Utani tu! Mtaa mzima umeshajua, mama wa binti kauza mpunga anunue kitambaa, halafu yeye anachekesha rafiki zake kwa ndoa ileile anayoiendea. Binti ananiuliza, "Dada, ukate au usubiri?"

Tumefundishwa katika hadithi ya Mtume (s.a.w.) kuwa yapo mambo matatu ambayo mzaha wake huhesabiwa kweli: nikaha, talaka na kurejeana. Yote yanapita ulimini. Walii anatamka, bwana harusi anajibu amekubali, mashahidi wawili wanasikia, basi, umekuwa mke wa mtu. Sisemi anayetamka "kataa ndoa" ameacha mke. Hukumu hizo waulizeni masheikh. Nasema mdomo uliozoea kuichezea ndoa haukawii kuichezea talaka.

Mtaniambia lugha inakua, na misemo ilikuwepo tangu zamani. Kweli. Bibi zetu walisemana kwa kanga, tena zikauma. Lakini aliyeivaa alijulikana, na aliyevaliwa alijijua. Utani wa mtandao hauna mwenyewe. Angalieni "mchepuko". Ni neno la barabara, ile njia ya pembeni. Hata kampeni ya Ukimwi ilipokuja na "michepuko sio dili, baki njia kuu", watu walidaka mchepuko, njia kuu wakaiacha. Zinaa ikapata jina jepesi, la kutamkwa hata mbele ya watoto.

Na sisi wanawake tusijitoe. Nani anasema "danga langu" kwenye kicheni pati, mwali amekaa palepale, na watu wanapiga vigelegele? Ukishamwita mwanamume danga, usishangae naye akiiita ndoa utapeli.

Jambo moja nawapa haki hao vijana: gharama. Mahari ya kushindana, kamati, michango, sendofu, sare mpaka za majirani. Sare hizo nazishona mimi, zinanilisha, lakini heri nishone gauni moja la nikaha ya msikitini kuliko sare thelathini za harusi ambayo kijana ameikimbia. Wazazi, punguzeni. Ila na kijana anayeona mahari imemzidi aende na wazee wake wakazungumze. Stika haipunguzi mahari.

Nawe biharusi, mwenzio akiweka neno hilo, usimjibu kwa stika nyingine wala usikae kimya ukilia chumbani. Mwambie baba au mjomba amwite mshenga, na kijana aulizwe mbele ya wazee: posa ipo au haipo? Ajibu kwa maneno yake mwenyewe, kabla fundi hajashika mkasi.